Siku moja gerejini: ekzosi na hewa ya Fairlady Z

Watu wengi Dar wakisikia "fundi wa ekzosi" wanafikiria kelele za usiku barabarani. Kazi yenyewe inapimwa kwa namba za mashine ya kusomea gari, na kwa jinsi dereva anavyoweza kuongea na abiria wake bila kupaza sauti likiwa mwendo wa safari. Hii ni siku nzima ya gari moja: Nissan Fairlady Z, bodi Z33 ya mwaka 2003, injini VQ35DE ya V6, cc 3,498, gia za mkono. Mwenye gari anataka ekzosi mpya kuanzia nyuma ya masega (visafisha moshi), pamoja na chujio la hewa la umbo la koni mbele.

Saa 1 asubuhi. Gari limelala hapa tangu jana, kwa sababu ekzosi haifunguliwi ikiwa ya moto. Bolti zote zilipuliziwa dawa ya kutu jana jioni na leo zinapata tena. Kabla spana haijagusa kitu, injini inawashwa na namba zinaandikwa kwenye daftari: hewa inayopita kwenye sensa ya hewa injini ikiwa silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa (kitabu cha Nissan kinataka gramu 2 hadi 6 kwa sekunde, hili linasoma 4.1), joto la hewa inayoingia (nyuzi 58 baada ya kuunguruma robo saa), na marekebisho ya mafuta, yaani petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, kwa kila upande wa silinda, asilimia 3 na 4. Fundi asiyeandika namba za asubuhi hana cha kujitetea nacho jioni mteja akisema gari limeharibika.

Saa 2, ekzosi ikiwa imepoa tena. Jeki, stendi nne, kinga ya chini inatoka, raba za kuning'inizia zinapakwa sabuni na kuvutwa. Ekzosi ya zamani imeshikiliwa na flanji mbili tu (bapa za kuungia mabomba kwa bolti) pale masega yanapoishia. Kazi ya dakika ishirini.

Stadi ya upande wa kushoto, bolti isiyo na kichwa, imekatika saa 2 na nusu.

Nieleze hapa kwa kirefu, kwa sababu ndipo asubuhi yote ilipoishia, na ndipo mafundi wengi wanapoharibu mali ya mtu. Gari nyingi zinazotoka mikoa ya theluji Japani zimekanyaga chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Zikifika kwetu zinakutana na hewa ya bahari. Kutu ya chini inakuwa imeshakula shingo ya stadi, huku kichwa cha nati kikionekana kizima kabisa. Ukiweka spana ndefu na kuvuta kwa hasira, chuma kinakatika bila kuonya. Dalili ipo, lakini ni ndogo: nati inazunguka kidogo halafu inakuwa laini mkononi, kama inavuta ulimbo. Hapo nati inafunguka na uzi wake, au stadi inajisokota ikielekea kukatika. Ukisimama na kurudisha nyuma robo mzunguko, ukapulizia dawa, ukaenda mbele nusu, ukarudi, mara nyingi inatoka. Kijana ninayefanya naye kazi alivuta. Ni kosa ambalo kila fundi analifanya mpaka limkae mkononi.

Kipande kilichobaki kimetokeza milimita 4. Hatuchukui dirili kwanza, kwa sababu stadi ni ngumu kuliko flanji na dirili inateleza pembeni kwenye chuma laini. Tunaweka nati yenye tundu kubwa kidogo juu ya kipande, tunachomelea ndani ya tundu hadi nati na stadi viwe kitu kimoja. Moto wa kuchomelea unaitanua stadi, ikipoa inajikunja, na kutu iliyoishikilia inapasuka. Nati ya kwanza ilibanduka. Ya pili ikabanduka pia, kwa kuwa sehemu ya juu ilikuwa bado na kutu na dawa ya mafuta. Tumesugua kwa brashi ya waya hadi chuma cheupe, tukafuta kwa asetoni, nati ya tatu ikashika. Tumeiacha ipoe hadi ikawa nyekundu ya giza tu, kisha mbele na nyuma, mbele na nyuma. Imetoka saa 4 na dakika 40. Uzi umesafishwa kwa tapi, stadi mpya imeingia na grisi ya nikeli ya kuzuia kushikana.

Katikati ya kazi hiyo simu imeita mara tatu.

"Fundi, mambo? Gari imefikia wapi?"

"Salama bosi. Stadi moja ilikatika, tunaitoa."

"Sasa si utoe na hayo masega kabisa? Kuna fundi ameniambia ananitolea bure."

Bure hiyo ina maelezo. Ndani ya masega kuna platinamu, paladi na rodi, madini yenye soko. Anayekutolea bure amekwisha kulipwa na gari lako. Na ukishayatoa kwenye Z33, sensa ya oksijeni ya nyuma ya kila upande inaanza kuona moshi uleule unaoonwa na ya mbele, taa ya injini inawaka na misimbo P0420 na P0430, harufu ya petroli inaingia ndani ukisimama kwenye foleni, na mlio wa VQ, ambao kwa asili una ukali wa bati linalokwaruzwa kuanzia mizunguko 3,500, unakuwa mbaya mara mbili. Nimemwambia yote hayo. Akasema basi yabaki, ila mabomba yawe inchi 3, mawili, hadi nyuma.

Hilo nalo ni hesabu. Bomba la inchi 3 lenye unene wa milimita 1.5 lina kipenyo cha ndani cha milimita 73.2, yaani eneo la milimita za mraba kama 4,200. Mawili ni 8,400. Injini hii ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280 na haina tabo. Ukiipa eneo hilo, moshi unapita polepole kwenye mizunguko ya chini, unapoa njiani, na ule mvuto ambao pigo moja la moshi linaacha nyuma yake kusaidia silinda inayofuata unapungua. Dereva anaona gari limekuwa zito kuanzia 1,500 hadi 3,000, ndiko anakoendesha kila siku mjini. Watu husema injini "inahitaji presha ya nyuma". Hapana. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibwa. Inachohitaji ni kasi ya moshi, na kasi inatokana na bomba lenye kipenyo chake. Tulichokubaliana: mabomba mawili ya inchi 2.25 kutoka kwenye masega, yakutane kwenye Y ya pembe nyembamba, kisha inchi 3 moja hadi kwenye resoneta (chemba ya kupunguza mngurumo) na mafla (chombo cha kupunguza kelele). Mawili ya inchi 2.25 yana eneo la ndani la 4,600 hivi, moja la inchi 3 lina 4,200. Yanaoana.

Saa 5 hadi saa 7: kukata na kushikiza. Chuma ni SUS 304, kisichoshika kutu kirahisi. Kila ncha inafailiwa hadi mwanga usipite kwenye maungio, maana TIG, kuchomelea kwa umeme na gesi ya argoni, haisamehi nafasi kwenye bati la milimita 1.5. Ampea 50, waya ER308L wa milimita 1.6, argoni lita 9 kwa dakika kwenye tochi. Kinachorukwa na wengi ni argoni ya ndani. Tunaziba ncha za bomba kwa foili na gundi ya karatasi, tunatoboa tundu dogo la kutolea hewa, tunaingiza lita 5 kwa dakika na kusubiri. Usipofanya hivyo, nje mshono unaonekana wa dhahabu na buluu, lakini ndani kumeota chembe nyeusi kama sukari guru iliyoungua. Chembe hizo zinazuia moshi, na mshono unaweza kupasuka mapema.

Umeme umekatika saa 7 na robo, mshono wa Y ukiwa nusu.

Mshono unaozimika ghafla unaacha shimo dogo mwishoni lenye ufa mwembamba usioonekana. Ni lazima sehemu hiyo isagwe hadi chuma safi kabla ya kuendelea, la sivyo ufa unatembea. Jenereta ya hapa inabeba taa na grainda, TIG haiwezi. Basi tumehamia mbele, kwenye hewa.

Mteja aliagiza koni pamoja na bomba lake la alumini, na bomba hilo ni pana kuliko la asili pale inapokaa sensa ya hewa. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, haijui kwamba umebadilisha bomba. Inasoma jinsi hewa inavyoupoza waya wa moto ndani ya sensa, na inakokotoa kwa kipenyo cha kiwandani. Ukipanua kipenyo kwa asilimia 5, eneo linapanda asilimia 10, hewa inapita polepole juu ya waya, injini inadhani inavuta hewa pungufu na inapewa petroli pungufu. Kwa hiyo kipande cha asili cha sensa kimebaki, mshale wa mwelekeo wa hewa ukitazama injini, koni imefungwa mbele yake, na bomba la mteja limerudishwa kwenye boksi. Koni yenyewe ni ya aina kavu. Zile za kupakwa mafuta huchuja vizuri, lakini ukizidisha mafuta yanahamia kwenye waya wa sensa, na vumbi la barabara zetu linaganda juu yake.

Kisha kinga ya joto. Koni ikiachwa wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyopikwa na rejeta. Kila nyuzi 3 zinazopanda zinapunguza uzito wa hewa kwa asilimia 1 hivi. Tofauti ya nyuzi 17 ni zaidi ya asilimia 5, na faida yote ya ekzosi na koni kwenye injini ya namna hii isiyo na tabo ni farasi 8 hadi 15 kama kazi imefanyika vizuri. Koni isiyo na kinga inaweza kuila faida yote. Tumekunja bati la alumini la milimita 1.5, likavishwa raba ukingoni inayogusa boneti ikifungwa, na upande wa mbele ukaachwa wazi kwenye tundu la hewa la asili.

Umeme umerudi saa 10 kasoro. Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Y imesagwa na kumaliziwa, flanji, resoneta, mafla, mgongo unauma kwa kulala chali na mikono juu. Kuning'iniza ndiko kunakotaka utulivu wakati mwili umeshachoka. Mita 2 za SUS 304 zikipata joto la nyuzi 300 zaidi zinarefuka kama milimita 10. Bomba linalopita milimita 5 kutoka kwenye propela shafti asubuhi litagonga mchana. Tunaacha nafasi ya milimita 20 kila mahali, tunaweka bomba la kunyumbulika baada ya kila flanji, na raba zinafungwa zikiwa zimevutwa kidogo kuelekea mbele, ili bomba likirefuka zikae wima.

Giza limeshaingia tulipopima uvujaji. Injini baridi, mashine ya kufyonza vumbi imegeuzwa kupuliza, inaingizwa kwenye ncha moja ya mafla, nyingine imezibwa kwa tambara, na maji ya sabuni yanapakwa kila mshono. Povu limetokea kwenye flanji ya kushoto tu. Gasketi ilikaa upande, ikawekwa upya.

Throto, mlango wa hewa ya injini, ilisafishwa, kwa hiyo silensa lazima ifundishwe. Injini iwe ya moto, betri juu ya volti 12.9, taa na AC vizimwe, usukani unyooke. Zima sekunde 10. Swichi iwe ON bila kuwasha injini, hesabu sekunde 3, kisha ndani ya sekunde 5 kanyaga pedali hadi chini na kuachia mara 5. Subiri sekunde 7, kanyaga hadi chini na ushikilie kama sekunde 20 hadi taa ya injini iache kupepesa na iwake moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, washa, iache iungurume sekunde 20. Ukikosea hesabu, anza upya. Leo imekubali mara ya pili.

Marekebisho ya mafuta yamesoma asilimia 14 kulia na 14 kushoto. Kosa likiwa upande mmoja, unatafuta upande huo. Pande zote mbili zikipanda pamoja, mara nyingi hewa inaingia baada ya sensa na kabla haijagawanyika kwenda kwenye silinda. Ni hozi ya kupumulia inayotoka kwenye kava la valvu: ilirudishwa bila kibano chake. Kibano kimefungwa, namba zikashuka hadi 3 na 3. Joto la hewa baada ya robo saa, nyuzi 41.

Barabara ya Bagamoyo, kupita Bunju. Gia ya 5, kilomita 90 kwa saa, mizunguko 2,500, na mngurumo mzito umejaa ndani hadi kioo cha nyuma kinatetemeka. V6 inalipua mara 3 kila mzunguko: 2,500 mara 3 gawa kwa 60 ni mitikisiko 125 kwa sekunde, na simu iliyowekwa juu ya dashibodi imesoma karibu na hapo. Dawa yake ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi. Sauti ndani ya ekzosi yenye moto wa wastani inakwenda kama mita 450 kwa sekunde. Gawa kwa 4 mara 125, unapata sentimita 90. Nafasi yake ilikwisha kuachwa kati ya resoneta na mafla, kwa hiyo tumerudi, tumelichomelea, likiwa na kifuniko cha muda cha kuteleza ili urefu urekebishike. Kwenye sentimita 90 mngurumo umepungua tu. Kwenye 86 umezimika. Kijana aliyekaa kiti cha abiria amesema neno moja, "Imetulia," kwa sauti ya kawaida, na nimemsikia.

Bosi anachukua gari kesho saa 3 asubuhi. Atembee kilomita 100, alirudishe likiwa limepoa, tukaze bolti za flanji, kwa sababu gasketi mpya hushuka kidogo ikishapata moto mara ya kwanza. Kifuniko cha bomba la pembeni nacho kitachomelewa moja kwa moja siku hiyohiyo.