Siku moja na binti wa kifalme, Mengo

Saa kumi na moja alfajiri. Betri zimejaa, kadi za kamera nimezifuta. Swala, chai ya rangi, basi.

Saa mbili. Teksi inapita Kabaka Anjagala, Mengo, hapa Kampala, ile barabara iliyonyooka toka Bulange, bunge la ufalme wa Buganda, hadi lango la Lubiri, kasri la Kabaka, yaani mfalme; sanamu za miziro, alama za koo za Buganda, zikiwa kandokando. Miaka yote niliyopiga picha za watu wa nasaba ya kifalme, bado barabara hii hunifanya nikae vizuri kitini.

Saa tatu. Bibi ni mumbejja, binti wa kifalme. Mimi mtoto wa Mombasa ilibidi nifundishwe: haitwi mama, anaitwa "Ssebo", kama mwanamume. Napiga magoti kumwamkia, na hapohapo chini ndipo nitakapofanyia kazi, kwani kwa mtu aliyeketi, lenzi inakuwa sawa na macho yake.

Nyuma yake tumetundika lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Rangi yake ya kutu inameza mwanga. Mjukuu aliyesimama pembeni kavaa kanzu nyeupe, nayo inaurudisha wote. Kwa hiyo napima mwanga kwenye kanzu kwanza, mpaka nyuzi za tarizi ya kifuani zionekane, kisha naileta taa moja karibu na uso wa bibi. Moja tu. Ukizidisha taa, ngozi nyeusi inang'aa kama imepakwa mafuta, na hilo silikubali.

Saa tano umeme ukakatika. Tukasogeza kiti dirishani.

Tukisubiri wingu lipite, akasimulia. Picha za baba yake zilikuwa ndani ya Lubiri Mei 1966, jeshi lilipovamia na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni. Ufalme ulifutwa mwaka uliofuata, ukarudishwa 1993. Picha hazikurudi. Akanieleza paji la uso la baba yake, akiligusa lake. Nilibonyeza hapo, mkono ukiwa bado juu.

Saa kumi, nyumbani. Katika picha mia mbili na kitu, ni ile ile.

Saa mbili usiku mjukuu akapiga simu: je, naweza kufuta mikunjo? Nikamwomba ampe bibi simu. Mikunjo ibaki, akasema. Na nichape nakala tatu, zikakae katika nyumba tatu tofauti.