Kasha la redio ya babu: wiki ya tatu

Ufa umeshika. Leo asubuhi nimefungua vibanio, nikapitisha ukucha pale gundi ya epoksi ilipoingia, wala haukwami.

Wiki ya kwanza nilitaka kuuziba kwa kisu cha moto, kama tunavyoziba beseni lililopasuka. Nashukuru nilijaribu kwanza kwenye kipande kilichokatika ndani. Hakikuyeyuka hata kidogo. Kiliungua, kikatoa harufu kali kama ya dawa ya kusafishia wodi. Harufu hiyo ndiyo iliyonitambulisha kitu chenyewe: ni fenoli, na kasha hili ni la Bakelite, plastiki ya zamani isiyoyeyuka.

Tangu siku hiyo namsoma mvumbuzi wake, Leo Baekeland, kila usiku. Alikuwa mkemia mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji, aliyehamia Marekani. Huko Yonkers, New York, alitafuta mbadala wa shelaki, ute mgumu wa wadudu wa India ambao mafundi wa umeme waliupaka kwenye nyaya. Mwaka 1907 alipika kemikali mbili, fenoli na fomaldehaidi, ndani ya mtungi wa chuma uliofungwa, kwa joto na shinikizo kubwa. Mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alikwishachanganya vitu vya namna hiyo mwaka 1872, akaambulia mabonge magumu yasiyo na kazi. Shinikizo la Baekeland ndilo lililozuia mchanganyiko usiumuke mapovu. Kwangu hapo ndipo ulipo ufundi wake wote.

Udongo uwahi ungali maji, na Bakelite ni hivyo hivyo: ikishaiva ndani ya kalibu, moto hauilainishi tena. Ndiyo maana ilifaa kwa swichi, plagi, vishikio vya sufuria na simu za mezani. Unga wa mbao uliochanganywa humo uliipa nguvu, na rangi ikabaki ya kahawia au nyeusi.

Jua la dirishani lilikuwa limekula ngozi ya juu upande wa kushoto, unga wa mbao ukachungulia. Nimesugua kwa msasa laini uliolowa maji, barakoa usoni, kwa sababu baadhi ya Bakelite za zamani zilitiwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Usisugue kavu kamwe. Kisha dawa ya kung'arishia shaba, kitambaa cha pamba, saa mbili nzima. Weusi umerudi, namwona babu akinawa mikono kabla ya kuigusa.

Bado kitufe cha sauti, kilichopotea. Kalibu ya plasta inakauka juu ya kabati.