Rafu ya Kiingereza ugenini: daftari limefika kitabu cha saba

Kwa anayeanza kusoma leo, mradi wenyewe ni mdogo. Kila mji wa ugenini ninaopita, naingia maduka ya vitabu, natafuta rafu ya Kiingereza, naandika daftarini nilichokikuta, kisha naondoka na kitabu kimoja au viwili. Mwanzoni sharti lilikuwa moja tu: nikipende. Matokeo yake vitabu viwili vya kwanza ni riwaya ambazo ningezikuta uwanja wowote wa ndege. Kila nikizitazama nasikia zinanisuta.

Kwa hiyo safari hii nilibadili sharti. Kitabu kiwe cha Kiingereza, lakini kiwe kimechapwa kulekule nilikokikuta.

Kukitambua si kazi. Geuza kitabu nyuma, tafuta ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu. Baada ya 978, tarakimu zinazofuata zinataja kundi la lugha au nchi ya mchapishaji. 0 na 1 ni za nchi zinazotumia Kiingereza, 2 ni Kifaransa, 3 Kijerumani, 4 Japani, na Ureno ina 972 na 989. Maandishi yakiwa ya Kiingereza na namba ikianza na 978-972, hicho ni mwenyeji. Mwaka 2007 ndipo ISBN ilipofikisha tarakimu 13, kwa hiyo kwenye kitabu cha zamani kidogo hutaiona 978; unaanza moja kwa moja na namba ya kundi.

Lisbon. Nilianzia Bertrand, duka lililoanzishwa 1732, zaidi kwa heshima kuliko kwa matumaini. Vitabu vyangu viwili vilitoka kwenye duka la mtumba lisilo na hata kibao, nyuma ya meza ya ramani. Kimoja ni cha historia ya bandari, nacho hakina makuu. Cha pili ni kijitabu cha vigae vilivyochorwa, vile wanavyovibandika ukutani kote mjini. Kiingereza chake kimekaa Kireno kabisa: sentensi inazunguka kona tatu kabla kitenzi hakijajitokeza. Ndani kuna kikaratasi cha masahihisho, upana wa vidole viwili, kimebandikwa kwa gundi ambayo sasa imegeuka rangi ya chai. Kinasahihisha makosa manne, na chenyewe kina kosa la tano. Nilikinunua kwa ajili ya hicho kikaratasi.

Paris nilijitengea siku tatu. Ya kwanza niliimaliza kwenye maduka yenye majina: Galignani, iliyopo Rue de Rivoli tangu 1856, na Shakespeare and Company, karibu na Notre-Dame. Hili la pili watu hulichanganya. Sylvia Beach alifungua duka la jina hilo 1919, nalo likafungwa 1941 Wajerumani wakiwa wameukalia mji. Hili la sasa ni la George Whitman, aliyelifungua 1951 kwa jina jingine, akalipa jina la zamani mwaka 1964. Ni maduka ya kupotezea mchana mzima, ila kwa sharti langu nilitoka mikono mitupu: kila nilichokigeuza kilikuwa 0 au 1.

Siku ya pili nilihamia kando ya mto Seine, kwenye masanduku ya kijani ya wauza vitabu vya zamani. Yamepangwa kilomita zaidi ya 3, na lugha zote zimechanganywa humo. Hapo nikajifunza kutumia shingo. Mgongo wa kitabu cha Kifaransa huandikwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo unainamisha kichwa kushoto. Wa Kiingereza huandikwa kutoka juu kwenda chini, unainamisha kulia. Ukitembea umeinamisha kichwa kulia tu, vya Kifaransa vinageuka kuwa michoro na vya Kiingereza vinakuita vyenyewe. Wapita njia watakuona una kichaa. Na usiku shingo itadai chake.

Ajabu ni kwamba kitabu nilichokipata hapo kilivunja sharti. Hakikuchapwa Ufaransa, na ni cha kabla ya ISBN. Ni juzuu la Tauchnitz, mchapishaji wa Leipzig, Ujerumani, aliyeanza mwaka 1841 kutoa waandishi wa Uingereza na baadaye wa Marekani, kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa bara la Ulaya. Wasafiri wengi walivinunua vitabu vyake njiani. Vilikuwa na onyo kwamba visiingizwe Uingereza wala kwenye makoloni yake, maana huko haki ya kuviuza ilikuwa ya wengine. Yaani kabla yangu walikuwapo watu waliosafiri huku wakitafuta kitu cha kusoma kwa Kiingereza, na mtu akageuza haja yao kuwa biashara. Ningekiachaje?

Hapa nina sahihisho. Daftarini nilikiandika kuwa ni cha 1874, kwa sababu ukurasa wa jina unasema hivyo. Nimegundua baadaye kwamba Tauchnitz alikuwa akirudia kuchapa bila kubadili mwaka. Mwezi na mwaka wa kweli husomwa kwenye jalada la karatasi, na changu kilishavishwa ngozi na mwenyewe wa kwanza, jalada likatupwa. Kilichobaki ni orodha ya vitabu vingine vya mwandishi yuleyule, mwanzoni kabisa. Nimeipitia mstari kwa mstari. Viwili kati yake vilitoka baada ya 1874. Basi nakala yangu ni ya baadaye. Nimekata mwaka ule kwa kalamu nyekundu.

Tokyo nilikuwa na saa sita tu, zote nikazitumia Jimbocho, mtaa wa vitabu vya zamani. Maduka yake mengi yako upande wa kusini wa barabara ili yatazame kaskazini, jua lisichome vitabu. Neno la kuulizia vitabu vya kigeni ni yosho. Ukilitamka tu unaonyeshwa ngazi. Nilipata viwili, vyote vinaanza na 4. Kimoja ni cha bustani za mawe. Kingine ni hadithi fupi zilizochapwa kwa wanafunzi wa Kiingereza, na aliyekuwa nacho ameandika juu ya kila neno gumu maana yake kwa Kijapani, kwa penseli iliyochongwa vizuri mno, herufi ndogo kama mchanga. Penseli inafika ukurasa wa 31 na kukoma. Ama alizoea akawa hahitaji tena kamusi, ama alichoka. Napendelea la kwanza, ingawa ukurasa wa 32 mpaka wa mwisho ni safi kuliko ninavyopenda.

Mizani ya uwanja wa ndege ilisoma kilo 24.6 na ruhusa ni 23. Nilivaa makoti mawili, vitabu mifukoni, nikatembea kama kabati.

Hesabu: vitabu saba, vinne vimetimiza sharti, viwili ni vya zamani vinavyonisuta, kimoja ni mgeni wa Leipzig ambaye nimeamua akae. Safari ijayo ni huko kwao. Nitatafuta juzuu lililobaki na jalada lake la karatasi, nione huo mwezi umeandikwa wapi.