Njiwa wa biharusi

Hii ilikua Februari 2017, mie nasoma Al-Azhar upande wa wasichana pale Madinat Nasr, Kairo, tunakaa ghorofa ya nne wasichana watano wa kwetu fleti moja. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Pemba, alikua anaolewa na kijana anaesoma hukohuko, ndoa Ijumaa baada ya swala na usiku uleule anahamia kwa mumewe. Hela hatuna. Pauni ya Misri iliachiwa bei yake ipangwe na soko Novemba 2016 ikapoteza karibu nusu ya thamani yake na kila kitu sokoni kimepanda, sa sisi tulishapanga kupika pilau ya kuku wawili basi, yaishe.

Alhamisi nikakutana na Hagga wa ghorofa ya pili kwenye ngazi (ni hajja, Wamisri wa Kairo herufi jimu wanaitamka ga), akaniuliza chakula cha usiku cha maarusi anapika nani. Nikamwambia pilau. Akaniangalia. Mama yake yuko wapi? Nikasema Pemba, nauli imemshinda. Akasema leo mama yake ni mimi, ya binti (ee mwanangu), vaa twende.

Kule kwao mama wa biharusi ndie anaewapelekea maarusi chakula cha usiku wa kwanza na njiwa wa kujaza, hamam mahshi, hawakosi kwenye sinia. Tukaenda kwa muuza kuku, matundu yamepangwa mpaka juu, Hagga akawa anawatoa mmoja mmoja anawabonyeza mfupa wa kidari kwa kidole gumba, ukiwa mgumu anamrudisha, anataka zaghlul, yaani kinda aliekwisha nona lakini hajaanza kuruka. Wanauzwa wawili wawili, na jozi wao wanasema goz, na goz hilohilo ndio mume, nikalipenda sana hilo neno siku ile. Tukachukua goz nne. Akamsisitiza mchinjaji asikate ngozi ya shingo, aiache ndefu. Kulipa akalipa yeye, akanishika mkono nilipofungua pochi.

Ijumaa asubuhi akapanda kwetu na sufuria lake na firik, ile ngano inayovunwa bado kijani ikachomwa motoni, ukiiroweka jiko zima linanuka moshi kama mahindi ya kuchoma Forodhani, wallahi nililengwa na machozi kidogo. Njiwa tukawasugua kwa unga, chumvi na ndimu. Kitunguu kikakaangwa kwenye samli, maini na firigisi zilizokatwa ndogondogo, mdalasini, pilipili manga, bizari zao, alafu firik ikageuzwa humo bila kuivishwa. Kazi yenyewe ni kujaza. Unaingiza kidole kati ya ngozi na nyama ya kidari taratibu, ngozi ile laini kama karatasi iliyolowa, unaiachanisha bila kuipasua, unajaza hapo na tumboni, kisha unakunja shingo kwa nyuma na miguu unaifunga kwa uzi. Hagga alinionya usishindilie, nafaka itavimba. Mie wa kwanza wangu nikamshindilia, niliona vibaya biharusi apate njiwa mwembamba.

Maji yalikua yanachemka na kitunguu, hiliki na punje mbili za mistika, utomvu wa mti wenye harufu nzuri, tukawatumbukiza. Robo saa haijafika nikaona firik zinaelea. Wangu amepasuka kidarini. Nilisikitika mno maana najua bei yake, nikaomba radhi, Hagga akamtoa kwa upawa akamuweka pembeni kwenye kisahani, akasema ya binti hata mimi kwa mama mkwe wangu alipasuka, funika sufuria.

Waliobaki walikaa kama dakika arobaini, tukawatoa tukawapitisha kwenye samli ya moto mpaka ngozi ikawa rangi ya asali iliyoungua. Saba. Hagga akasema saba haiendi, arusi ni goz, akapanga sita na supu kwenye sinia, wa saba akampelekea bawabu. Kabla hatujafunika tukampigia mama Pemba kwa video nikamuelekezea simu kwenye sinia. Mama akasema mwanangu mwambie huyo bibi Mungu amlipe, nikaanza kutafsiri, Hagga akaichukua simu mwenyewe akawa anasema mabruk ya ukhti (hongera dada yangu), mabruk, na mama anajibu amina, amina, hakuna anaemuelewa mwenzake na wote wawili wanalia.

Usiku tulipokwisha kuwapeleka bwana na mke wake nikarudi jikoni kuosha vyombo. Hagga alikua bado yupo, amekaa kwenye kigoda, kile kisahani kiko mbele yake kimefunikwa na mkate. Huyu ni wako, akasema. Tukamla kwa mikono, yeye bawa, mie kidari.