Kabla ya kuhamia kompyuta pepe, ngoja tarehe 15 ipite

Ukitaka kuhamishia ofisi kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya seva na kutumiwa kwa mbali, wiki moja ya kupima programu zinazotumika haitoshi, hata ofisi ikiwa ndogo. Hapa Uganda ritani za PAYE na VAT, pamoja na michango ya NSSF, vyote mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Siku hizo ndipo mhasibu anapofungua vitu ambavyo hajavigusa mwezi mzima: jedwali la Excel lenye makro, programu ya mishahara, faili ya hifadhidata ya Access iliyotengenezwa na mtu aliyekwisha acha kazi. Ukipima tarehe 20 hadi 27 hutaviona kabisa. Anza tarehe 28, maliza tarehe 16.

Muda huo wote acha Performance Monitor ya Windows irekodi prosesa, memori na diski kila sekunde 15, kwenye kompyuta tatu au nne za kila idara. Tazama kilele, usitazame wastani. Wastani wa siku nzima huficha ile nusu saa ya asubuhi ambapo wote wanaingia kwa pamoja, na hapo ndipo seva hulemewa.

Lakini namba hazikuonyeshi kilichochomekwa. Nenda ukae karibu na keshia wa SACCO, utazame mikono yake. Skana ya bakodi haina shida, kwa sababu kompyuta huiona kama kibodi. Kisomaji cha alama za vidole ni habari nyingine: kinategemea draiva yake (programu inayokiendesha), na draiva hiyo lazima ikubali kufanya kazi kwa mbali. Halafu printa ya risiti ya milimita 80. Ikipitia draiva ya jumla, risiti hutoka na vipimo vya A4 na kisu hakikati karatasi, maana amri ya kukata haikutumwa. Weka draiva ya mtengenezaji kwenye seva, kisha chapisha risiti ishirini mfululizo kabla hujaandika kwamba imefaulu.

EFRIS, mfumo wa mamlaka ya mapato (URA) wa risiti na ankara za kielektroniki, inataka uangalifu wa pekee. Uliza kama programu ya mauzo inawasiliana na kijenzi kilichowekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa anwani ya 127.0.0.1. Ndani ya kompyuta pepe anwani hiyo ni ya kompyuta pepe yenyewe, si ile iliyo kaunta. Na watumiaji kumi wakishiriki seva moja, mlango (port) mmoja wa anwani hiyo haufunguliwi na programu mbili kwa wakati mmoja: wa kwanza anafanikiwa, wa pili anapata kosa.

Leseni nazo huangusha wengi. Kwa programu ya uhasibu ya Tally, leseni ya Silver ni ya mtumiaji mmoja. Gold hushirikiwa kwenye mtandao mmoja. Leseni iliyofungwa kwenye mashine, ikiwekwa kwenye kompyuta pepe inayofutwa kila mtu anapotoka, itaomba kuamilishwa upya (activation) kesho yake. Iweke kwenye seva isiyobadilika. Programu ya biti 16 usiipotezee muda, kwani Windows ya biti 64 haiifungui.

Angalia pia data inakaa wapi. Faili ya Access ikibaki Gulu na kompyuta pepe ikawa Kampala, kila rekodi inayosomwa itasafiri njia nzima, na ripoti ya sekunde tano itakuwa ya dakika kadhaa. Data na programu vihamie pamoja. Kutoka kila tawi tuma ping 100 (ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi) kwenda kwenye seva, asubuhi na saa nane mchana. Chini ya milisekunde 150 kazi za ofisi huenda vizuri. Ikipita 200, herufi zinachelewa kuonekana na watu watalalamika, kwa haki.

Watangulize watu watano, mmoja wao awe mhasibu na mwingine keshia. Kompyuta zao za zamani zibaki mezani, zikiwa na programu zote, mpaka wamalize ritani za mwezi mmoja kwenye mfumo mpya.