Siku moja Kisauni, Mombasa: uji usimame kwenye kijiko

Saa 11:30 alfajiri. Nikishaswali nainjika uji wa wimbi. Wanangu wataunywa pamoja na mbaazi za nazi zilizobaki jana. Chai hawapati wakati wa kula, kwa sababu huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mbaazi na mboga.

Saa 2:00 asubuhi. Napita sokoni Kongowea kabla ya kuanza kazi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, na sipendi kumshauri mama anunue kitu ambacho sijaona bei yake. Leo mchicha na matembele ni tele, papai nazo, na dagaa wakavu wanapimwa kwa kikombe.

Saa 3:30. Nyumba ya kwanza. Nyanya amempakata mjukuu wa miezi tisa, anamnywesha uji kwa kikombe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Uji ule ulikuwa mwepesi kama maji ya mchele. Bibi akaniambia anaufanya hivyo ili mtoto asipaliwe. Hofu yake naielewa, na ndiyo ninayokutana nayo mitaa yote. Lakini tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240 tu kwa mlo, yaani kikombe kimoja. Kikijazwa maji, mtoto hushiba na asiongezeke uzito.

Nikampima mzunguko wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Utepe ukasoma sentimita 12.1, rangi ya njano, dalili ya utapiamlo wa kadiri. Kijani, yaani salama, huanzia 12.5, na chini ya 11.5 ni nyekundu, hali ya hatari. Nikamwandikia mama yake rufaa aende kliniki leo leo.

Kisha tukaingia jikoni sote watatu. Tukaongeza unga, tukauacha uji uive vizuri, tukatia tui zito. Nilipoinua kijiko na kukiinamisha, uji ulibaki humo. Hapo bibi akakumbuka ana kipande cha changu cha jana. Akakichambua miba kwa vidole, akarudia mara mbili, akakiponda na mchicha na kiazi kitamu. Mtoto alikula polepole, lakini alikula. Umri huu anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama ndizi au papai. Titi aendelee nalo hadi miaka miwili au zaidi.

Saa 6:00. Nyumba nyingine tatu, zote kijani. Alhamdulillahi.

Saa 9:00 alasiri. Kikao cha akina mama barazani. Swali kubwa ni lile lile la joto: mbona mtoto mchanga asipewe maji, na Mombasa hii jasho latiririka? Nawaambia maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Akiona kiu, anyonye tena. Hadi miezi sita itimie, hahitaji hata kijiko cha maji. Tukagusia pia mabuyu ya rangi na soda ambazo watoto wakubwa hupewa ili wanyamaze. Hapo nilikuwa mkali kidogo, maana sukari ile huwaua hamu ya chakula cha mchana.

Saa 12:00 jioni. Nyumbani. Sima, matembele ya nazi, dagaa wa kukaanga na ndimu juu.

Saa 2:00 usiku. Naingiza taarifa za leo kwenye simu. Mama wa yule mtoto anapiga: wamehudumiwa kliniki na wamepewa tarehe ya kurudi. Ana yai moja, lakini jirani amemwambia yai humchelewesha mtoto kusema.

“La, dada. Halimcheleweshi. Mpe lote, kiini na ute, ila lichemshe mpaka likaze. Liponde, ulichanganye na maziwa yako kidogo limlainikie.”

“Nimpe saa hii?”

“Kama yu macho, mpe.”