Zile saa 150

Dada mmoja tuliyesoma naye fizio (fiziotherapia) kanitumia voisi ndefu wiki hii, anataka kuomba residensi ya mifupa na viungo Marekani, yaani mafunzo ya ubobezi ukiwa kazini, anauliza mimi naonaje. Nilimjibu juu juu nikamwambia nitarudi vizuri. Sasa nimekaa, umeme umekatika umerudi umekatika tena, nikaona bora niandike hapa hapa maana najua wapo fizio wengine wa Moshi na Arusha wanaowaza hilo hilo kimya kimya.

Kwa asiyejua, kule mtu anamaliza digrii ya kwanza, anaenda kusoma udaktari wa fizio kama miaka mitatu, anafanya mtihani wa taifa, anapata leseni ya jimbo, anaanza kazi. Wengi wanaishia hapo na maisha yanaenda. Residensi ni hiari, inakuja juu ya hayo yote, mara nyingi ni mwaka mmoja au unazidi kidogo, na unakuwa mfanyakazi kabisa ila mshahara kwa kawaida ni pungufu kuliko wenzako walioajiriwa moja kwa moja. Programu iliyothibitishwa inatakiwa iwe na angalau saa 1,500 za kuhudumia wagonjwa na saa 300 za masomo. Ukimaliza unaruhusiwa kufanya mtihani wa ubingwa wa mifupa na viungo, ubingwa ambao watu wa kwanza kule waliupata mwaka 1989.

Lakini sikia hii. Mtihani ule ule unaweza kuufanya bila residensi, ukiwa tu na saa 2,000 za kuhudumia wagonjwa wa eneo hilo. Sasa kama mlango wa pili upo na uko wazi, kwa nini mtu mzima mwenye leseni yake akubali kulipwa kidogo mwaka mzima na kuulizwa maswali kama mwanafunzi?

Mimi naona jibu liko kwenye namba moja ambayo watu wanaipita haraka wakisoma. Ndani ya zile saa 1,500 kuna saa 150 za kusimamiwa na mtu aliyebobea, na katika hizo angalau 100 ziwe ana kwa ana, wewe ndo unamhudumia mgonjwa, yeye yupo hapo anakuangalia mikono na kukusikiliza unavyouliza. Kushinda semina tu au kutumiwa pdf hakuhesabiwi humo. Hiyo ndo residensi, mengine yote unaweza kuyapata kwa kusoma mwenyewe kama una bando na roho ngumu.

Kwetu mambo ni tofauti na sisemi kwa kulaumu. Moshi hatuna njaa ya elimu ya viungo, hospitali ya KCMC ipo tangu 1971, fizio wanafundishwa pale pale, na chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa miguu bandia na vifaa tiba kipo jirani, mtu anatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma hapa. Shida inaanza ukishamaliza chuo. Unapangiwa kituo, unakabidhiwa chumba cha mazoezi, foleni inaanzia mlangoni, nusu yake ni ajali za bodaboda, kuna aliyetolewa hogo jana goti limekaza kama ubao, kuna mwenye vyuma kwenye paja anatakiwa aanze kukanyagia, kuna mama wa kiharusi, kuna mtoto, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayesimama nyuma yako tena akuulize kwa nini umefanya ulichofanya. Unakuwa kama utingo aliyeambiwa leo endesha wewe, dereva kashuka. Na wagonjwa wanapona, wengi tu, kwa hiyo hata wewe unaamini uko sawa.

Nitoe mfano wa juzi. Kuna kijana mgeni kazini, mzuri sana kichwani, alikuwa na bibi mmoja kutoka Kibosho analalamika goti la kulia. Bibi ana fimbo, kitenge kakaza kiunoni, anasema goti limemtesa tangu kabla ya mvua na hawezi tena kushuka shambani kukata majani ya ng'ombe. Kijana akapima goti, akakunja akanyoosha, akaangalia kama limevimba, akabonyeza kila mahali, akawa tayari kuandika mazoezi ya misuli ya paja na maji ya moto. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, siku hiyo tulikubaliana nimsimamie. Nikamuuliza kitu kimoja tu, je bibi anavaaje kiatu?

Akamgeukia, "Bibi, samahani, kiatu unavaaje?"

"Navalishwa na mjukuu, mwanangu. Mguu haufiki."

Mguu haufiki. Goti lenyewe lilikuwa linakunja vizuri tu, sasa kwa nini usifike? Kijana akanyamaza kidogo, nikaona macho yanabadilika, akamlaza bibi chali, akakunja goti na nyonga, akashika kifundo cha mguu na kuanza kuzungusha nyonga taratibu kwenda ndani. Haikwenda. Ilisogea kidogo ikagota, na bibi akashika ukingo wa kitanda, akasema hapo hapo, hapo ndo penyewe, na mkono wake mwingine umekwenda moja kwa moja kwenye goti. Halafu akauliza, "Mbona umeshika juu na kinacholia ni chini?"

Tukamweleza kwamba nyonga ikichakaa maumivu yake yanaweza kushukia gotini, wapo wanaoyasikia gotini tu. Akacheka, akasema basi hilo goti limesingiziwa. Kijana akafanya kazi ya mikono kwenye nyonga kwa dakika chache, kisha akarudia ule ule mzunguko aone kama kuna tofauti, kitu ambacho Maitland, fizio wa Australia, alikisisitiza sana, chagua ishara moja inayoleta maumivu ya mgonjwa, tibu, halafu ipime tena pale pale kabla mgonjwa hajaondoka. Tofauti ilikuwepo, ndogo. Tukaomba eksirei ya nyonga na akapewa mazoezi tofauti kabisa na yale yaliyokuwa yanaandikwa mwanzo.

Sasa niambie, hilo swali la kiatu angelipata wapi? Kwenye kitabu lipo, hata yeye alishalisoma, alinikumbusha mwenyewe baadaye. Ila kusoma ni kitu kimoja na kuulizwa wakati mikono yako iko juu ya goti la mtu ni kitu kingine kabisa.

Na hapa nina neno kwa wanaotamani kubeba residensi ya Marekani nzima nzima waje kuitua Kilimanjaro. Chukua mgongo. Kule fizio akipokea maumivu ya mgongo anafundishwa kuchuja dalili za hatari, na saratani iko juu kabisa kwenye fikra zao. Mimi hapa mgonjwa akiniambia mgongo unauma usiku hata akilala, kapungua, jioni anapata homa, mtu wa kwanza kumuwaza ni TB ya uti wa mgongo, na nikipitisha vidole nikakuta pingili moja imechomoza kwa nyuma sigusi kitu kingine, namrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Halafu kuna mtu kashachuliwa mtaani kwa wiki kadhaa kabla ya kufika kwangu na inabidi niulize hilo kwa upole, maana ukiuliza kwa ukali atakuficha. Kwa hiyo utaratibu wa kusimamiwa tunauiga, maswali yenyewe tunayatunga sisi.

Kizuizi kikubwa ni muda na hela, tusidanganyane. Siku ile ya bibi tulitumia muda mrefu kwa mgonjwa mmoja, watu wawili wenye mshahara tumesimama juu ya kitanda kimoja na nje foleni inanung'unika. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, mkubwa wangu aliniambia wazi kwamba fizio wawili kwa mgonjwa mmoja ni matumizi mabaya ya watumishi, na kwa hesabu zake hakukosea, bima inalipa sesheni, haimlipi aliyekaa pembeni anauliza habari za viatu. Wamarekani nao hawakulitatua kwa miujiza. Ile tofauti ya mshahara ndo kwa kiasi fulani inafidia, resident anailipia saa ya msimamizi wake kutoka mfukoni bila kuiona. Hapa ukimwambia fizio mwenye familia apunguziwe mshahara ili asimamiwe atakucheka mpaka Boma Ng'ombe.

Kwa huyo dada, nimemwandikia hivi. Aende kama anaweza, ila ajue njia ni ndefu, vyeti vyake vitapimwa kwanza kama vinalingana na vya kule, kisha mtihani wa taifa, kisha leseni ya jimbo, ndipo aongelee residensi. Akifika kwenye usaili asiulize sana vifaa na majengo, aulize ni nani hasa atamsimamia, wiki ina saa ngapi za ana kwa ana, na je huyo msimamizi saa hizo ana wagonjwa wake mwenyewe au katengewa muda. Wakianza kuzungukazunguka hapo, atafute programu nyingine. Herufi za ubingwa za kuongeza baada ya jina zisimpe presha.

Na sisi tuliobaki tumeanza kakitu, hakana jina. Jumatano mchana foleni ikipungua, mmoja anahudumia mgonjwa wake, mwingine anakaa pembeni na karatasi, haruhusiwi kugusa wala kutoa jibu, anauliza tu, na mgonjwa anaombwa ruhusa kwanza. Baadaye tunakaa tunabishana. Wiki ijayo ni zamu yangu kuangaliwa, nina baba mmoja fundi ujenzi bega limekataa kupanda na kusema kweli sina raha nalo. Tumewaita na wenzetu wa hospitali nyingine mbili waje waone, mmoja kajibu anakuja, mwingine kauliza kama kuna posho. Posho hakuna. Chai ipo, mandazi kila mtu ajinunulie pale getini.